Kiitikio kwanza, biti baadaye: somo kutoka kwa Stock Aitken Waterman

Maprodyuza wengi huanza na biti. Inapikwa usiku kucha, ikishanoga ndipo msanii anaitwa aje "kuweka maneno". Mike Stock, Matt Aitken na Pete Waterman, maprodyuza waliotikisa chati za Uingereza miaka ya 1980 kutoka studio yao ya kusini mwa London, wanatufundisha njia nyingine: jina la wimbo na kiitikio vitangulie, ngoma zije kuvivalisha. Wenyewe wamesimulia kwamba kiitikio cha "I Should Be So Lucky" kilitungwa kwa haraka sana huku Kylie Minogue akisubiri kurekodi. Haraka hiyo iliwezekana kwa sababu walijua wanachotafuta.

Chukua "Never Gonna Give You Up" ya Rick Astley ya mwaka 1987, usikilize huku unatazama saa. Mwendo ni midundo kama 113 kwa dakika, kwa hiyo kipimo kimoja cha mapigo manne kinakula sekunde 2 na kidogo. Baada ya dramu kufungua, utangulizi una vipimo 8, ubeti vipimo 8, halafu vipimo 4 tu vya kupandia kutoka ubeti kwenda kiitikio, na kiitikio kinaingia kwenye sekunde ya 43 hivi. Kiitikio chenyewe ni vipimo 8, kama sekunde 17. Hesabu hiyo ijaribu kwenye wimbo wako. Kama kiitikio kinafika baada ya dakika nzima, mara nyingi kosa liko kwenye ubeti: msanii ana maneno mengi, ukamwachia vipimo 16. Kata nusu, ipeleke kwenye ubeti wa pili.

Vile vipimo 4 vya kupandia ndivyo vinavyopuuzwa kuliko vyote, na kwetu ndiyo siri kubwa ya wimbo mzima. Hapo melodi ianze kupanda, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zibadilike, na sentensi ya mwisho iachwe ikiwa haijatimia, ili kiitikio kiwe jibu lake. Ukiruka kutoka ubeti moja kwa moja hadi kiitikio bila ngazi hiyo, kiitikio kitasikika kama ubeti uliopigwa kelele.

Kwa aliyelelewa kwenye kwaya, kodi za kiitikio cha Astley ni rahisi kuzishika: fa, so, halafu mi na la, hizi mbili zikiwa mainari, zenye mlio wa huzuni. Mzunguko hauanzi kwenye do, nyumbani. Sikio linabaki na kiu, na kiitikio kinaweza kurudiwa mara nyingi bila kuchosha. Ukianza na do na kumalizia na do kila baada ya vipimo vinne, wimbo unatulia mapema mno, na wachezaji wanatulia nao.

Ufunguo, yaani noti itakayokuwa do ya wimbo, uchague kabla hujarekodi kinanda hata kimoja. Astley ana sauti nzito ya chini, Kylie ana nyepesi ya juu. Huwezi kuwapa ufunguo mmoja. Mwimbishe msanii kiitikio kwa kinanda pekee, panda nusu toni (hatua ndogo kabisa ya kinanda) moja moja hadi sauti ianze kukaza, kisha rudi nusu toni mbili. Hapo ndipo pake. Kuvuta sauti kwa kompyuta baadaye huiharibu, na msikilizaji hulitambua hilo hata asipojua kulitaja.

Upande wa mdundo, watatu hao walitokea kwenye muziki wa kasi wa klabu. Mwaka 1984 walikuwa wakifanya kazi na waimbaji Divine na Hazell Dean. Kanuni ya mtindo huo ni nyepesi: dramu kubwa inapiga kila pigo, besi inajibu katikati ya mapigo, ikiruka oktava, yaani kutoka noti ya chini hadi ileile ya juu. Kwa kuwa hazigongi kwa wakati mmoja, hazigombani, na hata spika ndogo inazibeba. Miksi yako ikinguruma, angalia hapo kabla ya kugusa kitu kingine, kisha kata masafa ya chini ya hezi 100 kwenye vinanda na sauti zote za kuitikia. Waitikiaji warekodi noti tatu, kila noti mara mbili, moja kushoto na moja kulia. Sauti kuu ibaki peke yake katikati.

Kilichowaponza Stock, Aitken na Waterman baadaye kinasikika kwenye rekodi zenyewe. Ngoma za mashine ya Linn 9000 na vinanda vya jamii moja vilijirudia kwa msanii mmoja baada ya mwingine, na miaka ya 1990 ilipoingia vibao vikapungua. Aitken aliondoka 1991, Stock 1993. Muundo wa vipimo unaweza kuurudia utakavyo; sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali) na besi badilisha kwa kila msanii.

Na ukimaliza toleo la redio la dakika tatu na nusu, tengeneza la madijei pia: vipimo 16 au 32 vya ngoma tupu mwanzoni, na vingine mwishoni. Bila hivyo dijei hana pa kuunganishia wimbo wako na uliotangulia, ataupita tu.