Maswali yenu: Kuandika mwongozo wa OTP ya kuthibitisha miamala

Safari hii walioandika karibu wote wana kazi moja: kuandaa mwongozo wa mfumo unaomtumia mteja namba ya siri ya mara moja, yaani OTP, kabla fedha hazijatoka kwenye akaunti yake.

Nianzie wapi? Mkuu wangu anataka sura ya kwanza ieleze namna namba inavyokokotolewa.

Hiyo ni ya wahandisi, iweke nyuma. Anza na ujumbe wenyewe unaoingia kwenye simu. Mteja hafungui mwongozo wako. Anasoma ule ujumbe, tena mbiombio, na pengine kuna mtu anamharakisha upande wa pili wa simu. Ukimwandikia tu “Namba yako ni 482913”, hujui na yeye hajui anaidhinisha nini. Tapeli akimwambia namba hiyo ni ya kupokelea fedha, ataamini. Taja kiasi, taja mpokeaji, kisha muda wa kuisha, na namba iwe ya mwisho. Naisisitiza ya mwisho kwa sababu simu nyingi siku hizi huichomoa namba na kuijaza zenyewe, na ikitangulia hakuna anayesoma yaliyobaki.

Katika Umoja wa Ulaya hili ni sharti la kisheria tangu tarehe 14 Septemba 2019: kwa malipo ya mtandaoni, namba hufungamanishwa na kiasi na mpokeaji, na kimojawapo kikibadilika namba hiyo inakufa. Hata kama mfumo wenu hauhusiki na sheria hiyo, iga utaratibu wake, kisha uandike waziwazi: “Ukibadilisha kiasi au mpokeaji, utatumiwa namba mpya.”

Wateja wachache wanakataliwa ingawa wameandika namba sahihi. Tumegundua namba zao zote zinaanza na sifuri.

Basi kuna mahali namba inahifadhiwa kama hesabu, na sifuri ya mbele inadondoka. Kosa ni la programu, ila mwongozo ungeweza kulizuia kwa kueleza kwamba OTP ni maandishi yenye urefu maalumu. RFC 6238, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2011 unaoeleza namba zinazotokana na saa, una jedwali la majaribio. Ufunguo wake wa mfano, yaani siri ambayo namba hukokotolewa kwayo, ni 12345678901234567890. Kwa SHA-1, mojawapo ya kanuni za ukokotoaji kwenye jedwali hilo, sekunde ya 1111111109 tangu mwanzo wa mwaka 1970 hutoa 07081804. Nakili mstari huo kwenye mwongozo wako. Mhandisi akipata 7081804 atajua pa kutazama. (Ongeza onyo kwamba ufunguo huo usiingie kwenye mfumo halisi. Wapo wanaonakili kila kitu.)

Muda wa namba uwe sekunde 30 au dakika 5?

Inategemea njia. Sekunde 30 ndiyo kawaida ya programu inayokokotoa namba kwenye simu yenyewe, na seva huruhusu kipande kimoja cha ziada cha sekunde 30 kwa ajili ya ucheleweshaji. SMS hupita kwenye mitandao ambayo huimiliki, hivyo ipe dakika kadhaa.

Kinachonikera kwenye miongozo mingi ni kuandika “dakika 5” bila kusema zinaanza kuhesabiwa lini: namba inapoundwa, au ujumbe unapotumwa? Na mteja akibonyeza “Tuma tena” mara mbili, SMS zinaweza kumfikia zikiwa zimepishana. Ipi inakubaliwa? Kama ni ya mwisho kutengenezwa, useme hivyo, na kila ujumbe uwe na alama inayolingana na ile iliyo kwenye skrini. Swali hili huwafikia sana watu wa huduma kwa wateja. Waulizeni.

Majaribio mangapi?

Matatu yanatosha, sheria ya Ulaya niliyoitaja inakomea matano mfululizo. Tarakimu sita zina michanganyiko 1,000,000, na mashine isiyowekewa kikomo itaimaliza yote. Andika pia kinachohesabiwa. Kama kuomba namba mpya kunarudisha hesabu kwenye sifuri, hamna kikomo.

Kitengo cha masoko kinataka tuandike kwamba OTP ya SMS ni “salama kabisa”.

Kataa. Laini huweza kuhamishiwa kwa mtu mwingine kwa ulaghai, na mwaka 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliziweka namba zinazopita kwenye mtandao wa simu katika kundi la njia zenye masharti. Andika inachozuia: mwizi mwenye nywila peke yake. Andika na isichozuia: mteja kumsomea mtu namba kwa mdomo wake. Sentensi ya “Mhudumu wetu hatakuuliza namba hii kamwe” iwekeni baada ya kuhakikisha kwamba ni kweli hawaulizi.

Picha za skrini za mfano, zina hatari yoyote?

OTP iliyokwisha muda haina madhara. Msimbo wa QR wa kusajili programu ya kukokotoa namba una madhara makubwa, maana umebeba ufunguo wenyewe, na ufunguo hauishi baada ya sekunde 30. Tumia akaunti ya majaribio. Na kama picha ya akaunti halisi imeshatoka, kuifuta hakutoshi: futeni ufunguo huo kwenye seva, mwenye akaunti asajiliwe upya.