Mtu dhidi ya kompyuta kwenye chesi: haki iko kwenye masharti

Mkuu, umeuliza kama pambano la mtu na kompyuta kwenye chesi linaweza kuwa la haki wakati mashine haichoki wala haipati presha. Kwangu uchovu si hoja kubwa. Angalia masharti yaliyokubaliwa kabla ya kete ya kwanza kusogezwa.

New York, 1997: Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia Kasparov 3½–2½, ikichambua takriban nafasi (mipangilio ya kete ubaoni) milioni 200 kwa sekunde. Kasi hiyo haina tatizo. Kilicholeta maneno ni kwamba IBM waliruhusiwa kuirekebisha programu kati ya mchezo mmoja na mwingine, na Kasparov hakupewa michezo ya mashine aisome, ilhali michezo yake ya miaka mingi walikuwa nayo. Marudiano hayakufanyika.

Bonn, 2006, mambo yalikuwa tofauti. Bingwa wa dunia Kramnik alipewa programu ya Deep Fritz mapema aichunguze, na mashine ilipokuwa inacheza funguzi (hatua za mwanzo) ilizohifadhi, naye aliziona kwenye skrini. Alifungwa 4–2, tena mchezo wa pili hakuona kwamba mashine ingempiga mati kwa hatua moja! Alifungwa kihalali.

Leo sawa kwa sawa haipo tena. Kilichobaki ni injini (programu inayocheza chesi) kuanza na pungufu. Mwaka 2016 injini ya Komodo ilicheza michezo minne na Nakamura, mchezaji mahiri wa Marekani, kwa mapunguzo ya aina mbalimbali, kama vile kuanza bila askari mmoja. Mitatu ikaenda sare, ikashinda mmoja.

Ukitaka kuandaa pambano lako, usishushe kiwango cha injini. Injini kama Stockfish ikishushwa huchagua kwa bahati nasibu kati ya hatua kadhaa ilizoziona, kwa hiyo inacheza hatua 20 kama bingwa halafu inatoa kete bure bila sababu. Hakuna mtu anayekosea hivyo. Iache na nguvu zake, uiondolee kete: anza kwa kutoa askari wake wa safu ya f, na kama bado inakuzidi, toa farasi wake wa mraba wa b1.

Hapa wengi wanakwama. Injini ya kawaida isiyo na farasi inadhani utajibu kila hatua kwa usahihi kamili, hivyo inajiona imeshashindwa na haioni ubaya wa kubadilishana kete. Kete zikipungua, farasi wako wa ziada anamaliza kazi. Tumia injini yenye mpangilio wa kumdharau mpinzani, au mitandao ya neva ya Leela, injini nyingine, iliyofunzwa kucheza bila farasi. Hizo zinakwepa mabadilishano na kukuwekea mitego. Utashangaa jinsi farasi mzima anavyoyeyuka.

Saa nayo ina maneno. Injini ipimie kwa idadi ya nafasi za kuchambua kila hatua, si kwa sekunde, la sivyo ukibadilisha kompyuta umebadilisha mpinzani. Wewe jipe angalau dakika 45 na nyongeza ya sekunde 15 kwa hatua. Kwenye dakika 3, pungufu lolote halina maana kwa sababu utajifunga mwenyewe.

Hifadhi ya funguzi izimwe. Jedwali la miisho (nafasi za mwisho wa mchezo) ya kete saba kushuka chini nalo lizimwe: pale injini haifikiri, inasoma jibu lililokwisha kuandikwa, na wewe hukuruhusiwa kuja na daftari.