Hesabu Kapsuli Kabla ya Kuhesabu Miezi

Jumanne iliyopita nilifungua faili la mama wa miaka 54 anayetokwa damu akiwa kwenye HRT (tiba ya homoni baada ya hedhi kukoma), nikakuta intani wetu ameandika, kwa mwandiko wa kujiamini kabisa, kwamba hali hiyo ni ya kawaida na mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu. Sikumfokea, kwa sababu sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe. Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya magonjwa ya wanawake, nawaandikia ili kosa hilo lisirudiwe kwa mara ya tatu.

1. Fahamuni kazi ya projesteroni, msiikariri tu. HRT huwa na homoni mbili, estrojeni na projesteroni. Estrojeni hukuza utando wa ndani wa kizazi, na ikiachwa peke yake hukuza bila kikomo. Projesteroni huzuia ukuaji huo kwa kupunguza vipokezi vya estrojeni na kuzigeuza tezi za utando ziache kuongezeka. Inaposimamishwa, mishipa midogo iliyojisokota hubana, utando ukakosa damu, ukamomonyoka. Ndiyo maana mama anayeimeza siku 12 hadi 14 za kila mwezi hutokwa damu siku chache baada ya kapsuli ya mwisho, na hiyo si ugonjwa. Anayeimeza kila siku anaweza kupata matone yasiyo na mpangilio katika miezi sita ya mwanzo, kisha utando hubaki mwembamba na damu hukoma. Aliyeondolewa kizazi kwa kawaida haihitaji. Yupo intani aliyemwandikia hata huyo, tukacheka, kisha tukaifuta dawa hiyo kwenye cheti.

2. Ulizeni dawa inamezwaje. Hapa ndipo nilipoanguka. Mgonjwa wangu alikuwa mwenye duka la vitambaa, hedhi yake imekoma miaka miwili, na joto la usiku lilikuwa limemnyima usingizi. Nilimwandikia jeli ya estrojeni, ambayo binti yake alimtumia kutoka Uingereza, pamoja na projesteroni miligramu 100 kila siku. Kwenye cheti niliandika "moja kwa siku", basi. Sikuandika usiku, wala sikumweleza kwamba kapsuli ile ndiyo mlinzi wa kizazi chake. Mwezi wa nne alirudi akilalamikia matone ya damu. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikaona bado hajafika sita, nikamwambia kwa upole wa mtu anayejua kwamba mwili unazoea. Alinishukuru sana, jambo ambalo hadi leo linanichoma.

Mwezi wa nane alirudi na damu nzito. Ultrasaundi ilionyesha utando wa milimita 14. Ndipo nilipomwomba anionyeshe dawa zake, naye akatoa mkobani jeli iliyokamuliwa hadi mwisho na paketi ya projesteroni ambayo kapsuli zake, isipokuwa nne, zilikuwa zimekaa kwenye vishimo vyake kama zilivyotoka kiwandani. "Hizi ndizo zilizonilaza juu ya kaunta, daktari," alisema. "Nikaona niache, maana joto limeshaisha." Alikuwa akizimeza asubuhi. Joto lilikuwa limeisha kwa sababu ya jeli, na kwa muda wote huo jeli ilikuwa ikifanya kazi bila mpinzani. Katika utafiti wa PEPI wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1996, wanawake wapatao 62 katika kila 100 waliotumia estrojeni peke yake kwa miaka mitatu walipata ukuaji uliopitiliza wa utando. Nilikuwa nimemweka mgonjwa wangu katika kundi hilo huku faili likionyesha yuko salama.

Tulichukua kinyama, yaani kipande kidogo cha utando cha kupima maabara. Majibu yalikuwa ukuaji uliopitiliza, lakini seli hazikuwa zimeharibika. Tulisimamisha jeli, tukamwekea kitanzi chenye levonojestreli, homoni inayofanya kazi kama projesteroni ndani ya kizazi, na kinyama cha miezi sita baadaye kilikuwa safi. Kanuni ya miezi sita ni sahihi, ila inamhusu mwanamke aliyemeza dawa.

3. Projesteroni ya kumeza hunywewa wakati wa kulala. Liandikeni neno "usiku" kwenye cheti.

4. Kwa anayemeza kwa mzunguko, yaani siku 12 hadi 14 za mwezi, pigeni ultrasaundi mara damu inapokoma, maana utando uliopimwa katikati ya mzunguko utawatisha bure. Kwa anayemeza kila siku, utando unaozidi milimita 4 kwa mama anayetokwa damu haungoji.

5. Ulizeni kuhusu dawa za kifua kikuu. Rifampisini huharakisha ini kuvunja homoni, na nimeona watu wakibadilisha dozi ya projesteroni mara mbili kabla ya kuuliza mgonjwa anameza nini kingine.

Faili la Jumanne nimemrudishia mwenyewe intani. Mama huyo amepigiwa simu. Anakuja Alhamisi, na ameombwa aje na paketi zake zote, hata zile anazodhani zimekwisha.