Muulize Anti wa Mapambo: mikono ikigoma, masikio yakiwasha

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa watu wanaotengenezea vito nyumbani, yaani meza iko sebuleni au pembeni ya kitanda na wateja wako kwenye simu. Nimechagua chache na nyingine nimezipunguza, maana kuna mtu anaandika barua ndefu utadhani wosia, swali lenyewe liko mstari wa mwisho.

Anti shikamoo. Natengeneza hereni na vidani kwa waya na shanga, kazi naipenda sana. Shida siku hizi nikikaa mezani kichwa kinakuwa kitupu, nazitazama shanga tu, naishia kushika simu kuangalia kazi za watu mpaka jioni na sijafunga hata kitanzi kimoja. Wazo nalirudishaje? – Kichwa Kitupu

Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo simu ipeleke chumba kingine, na sikutanii. Kazi unazoangalia humo zimeshakwisha, zimepigwa msasa, zimetafutiwa mwanga mzuri ndo zikapigwa picha, afu unageuka kuangalia meza yako yenye vipande vya waya na vumbi unajiona hujui kitu. Meza zao nazo ziko hivohivo, tofauti hawazipigi picha.

La pili, na hapa wengine mtanibishia, mi siamini kabisa kwamba kwenye kazi yetu wazo linatangulia mikono. Wazo linakuja ukiwa umeshika waya. Chukua waya wa shaba nyekundu, unene wa milimita 0.8 hivi, wa fedha uache kwanza maana utauonea huruma na ukishauonea huruma hujaribu chochote. Kata kipande cha urefu wa kiganja, shika ncha kwa koleo la midomo ya duara, zungusha kitanzi. Midomo ya lile koleo ni minene shinani na inaenda ikichongoka, kwa hiyo ukishikia karibu na ncha kitanzi kinatoka kidogo, ukishikia shinani kinatoka kikubwa, ndo maana wanaotaka vitanzi vilingane wanaweka alama ya kalamu ya wino kwenye mdomo wa koleo ili kila mara washikie palepale. Wewe leo usiweke alama. Acha vitofautiane, kimoja kikubwa, kinachofuata kidogo, kingine kilale upande, endelea hivyo mpaka waya uishe, halafu uweke juu ya chuma bapa uugonge taratibu kwa nyundo yenye uso laini. Utaona unabapika, pale pinde zilipo unaanza kung'aa, na ukijaribu kuupinda unakataa, kwa sababu shaba ikikunjwakunjwa na kugongwa inakuwa ngumu. Ukizidisha itakatika, hiyo nayo uijue, ila ukiipasha moto mpaka ikaanza kuwa nyekundu kwa mbali halafu ukaipoza inalainika upya na unaendelea nayo.

Sasa una kitu mkononi, na kitu kikiwa mkononi maswali yanakuja yenyewe. Kikining'inia kinaelemea wapi? Nikikigeuza juu chini? Kile kitanzi kilicholala upande si kinaweza kubeba shanga? Tengeneza mwenzake anayekitazama na hapo ndo uchukue daftari uchore, sio kabla. Mimi ninalo kopo la vipande vya namna hii, vingi havitauzwa milele na wala havipendezi, ila sivitupi, na mara kwa mara naokota kimoja humo nakuta kona ambayo leo ndo naelewa kazi yake.

Kitu kingine jibane. Jiambie wiki hii natumia rangi moja tu, na shanga ndogo za saizi 11 tu, zile za karibu milimita 2. Ukimwaga mezani kila ulichonacho utachoka kuchagua kabla hujaanza, lakini ukibaki na kitu kimoja akili inahangaika kutafuta pa kutokea na huko kuhangaika ndo kazi yenyewe. Na jioni usimalize kila kitu, acha hereni moja imefungwa na ya pili iko nusu, kesho ukikaa mikono inajua pa kuanzia kabla kichwa hakijaanza maneno yake.

Siku ambayo hata hivyo vyote vimekataa, zungushia waya kwenye kijiti cha chuma ukate vipete vya kuunganishia, vingi tu, upange na shanga kwa saizi. Utavihitaji. (Na tafadhali, kipete cha kuunganishia kinafunguliwa kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, hakivutwi kulia na kushoto, ukikivuta duara linaharibika na halifungi tena vizuri. Nalisema kila mara na kila mara naletewa mkufu uliokatikia hapohapo.)

Anti, wateja wangu kadhaa wanalalamika hereni zangu zinawawasha, mmoja sikio linatoa maji kabisa. Vikulabu nilinunua vya rangi ya fedha, muuzaji akasema havina shida. Nimeanza kuogopa kuuza. – Nimenyong'onyea

Mdogo wangu, huyo wa kutoa maji avue hereni leo na aende kwa daktari, hilo si la kusubiri ushauri wangu.

Kwa wengine mshukiwa wa kwanza ni nikeli. Ni chuma kinachowekwa kwenye vikulabu vingi vya bei ya chini, mara nyingi kimejificha chini ya mpako unaong'aa, mpako ukilika kwa jasho na kusuguana nikeli inakutana na ngozi. Mtu akishapata mzio wa nikeli kwa kawaida anabaki nao, ndo maana nchi za Umoja wa Ulaya zimeiwekea sheria, kitu cha kupita kwenye tundu la sikio hakiruhusiwi kuachia zaidi ya mikrogramu 0.2 za nikeli kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Angalia ilivyo ndogo hiyo.

Rangi ya fedha si fedha. Fedha ya 925 maana yake kwenye sehemu 1000 fedha ni 925 na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Mhuri wa 925 nao kuupiga si kazi, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye ukimrudia unamkuta. Kwa mteja ambaye masikio yake hayavumilii kabisa mpe vikulabu vya metali ya titani au niobi. Stili ya 316L, aina ya chuma kisichoshika kutu, wengi wanaivaa bila tatizo, nikeli imo ndani yake ila imeshikwa haitoki kirahisi, lakini mwenye mzio mkali usimwapie.

Halafu angalia vikulabu unavyokata mwenyewe, manake si kila muwasho ni mzio. Waya ukikatwa unabaki na ukali ambao jicho halioni, kila hereni ikivaliwa unachana tundu kidogokidogo. Pitisha tupa ndogo kuzunguka ncha, kisha msasa laini, kisha ipitishe juu ya soksi nyembamba za kike, zile za nailoni. Ikinasa hata uzi mmoja bado hujamaliza. Mimi hereni haitoki mezani kwangu bila hiyo soksi.

Habari za kazi Anti. Mimi ni mwanaume, najifunza kulehemu fedha, na meza ninayotumia ndo hiyohiyo watoto wanafanyia homuweki. Mke wangu anasema nitaunguza nyumba. Nimwambieje? – Baba Tochi

Nzuri kaka yangu. Mwambie ana haki, halafu utafute kona yako.

Shanga na waya mezani kwa familia ni sawa, unaweka kila kitu kwenye sinia lenye kingo, wakija na madaftari unainua sinia lote unaliweka juu ya kabati. Moto ni habari nyingine. Tochi ya gesi inataka sehemu isiyo na pazia wala karatasi, tofali la kuhimili moto chini ya kazi, dirisha wazi, maji karibu, na mlango ambao mtoto hafungui tu akaingia. Fedha ya 925 inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 na kitu, lehemu yake inayeyuka chini kidogo ya hapo, sasa wewe piga hesabu meza ya mbao inafanyaje. Unaponunua lehemu uliza kama haina kadmiamu, metali inayochanganywa kwenye baadhi ya lehemu, mvuke wake ni sumu kwenye mapafu na nyumba ni ya watu wanaolala humo. Ile asidi ya kusafishia baada ya kulehemu iwe kwenye chombo chenye mfuniko na jina limeandikwa, isiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja, na humo tumbukiza kibano cha plastiki au cha shaba, ukiingiza cha chuma cha kawaida fedha yako inatoka imepakwa rangi ya shaba na utajiuliza umerogwa na nani.

Na ambacho watu hawakifikirii ni vile vifungo vya sumaku. Mtoto akimeza shanga unaogopa, akimeza sumaku mbili unakimbia hospitali saa hiyohiyo, hata kama anacheka, kwa sababu zikiwa tumboni zinavutana na kubana utumbo katikati mpaka unatoboka. Mimi kwenye nyumba yenye watoto wadogo nisingeviweka kabisa, kuna vifungo vingine vizuri tu.

Anti, mteja ananitumia picha ya kidani cha mtu mwingine anataka kilekile. Nikikataa anaenda kwa mwingine. – Njia Panda

Muulize amependa nini humo. Usiulize kwa ukali, uliza kama mtu anayetaka kujua: ni urefu, rangi, au vile kinavyokaa shingoni? Mara nyingi atakujibu kitu kimoja, labda anapenda kiishie juu ya mfupa wa shingo, basi hicho ndo unachukua na kilichobaki unatengeneza cha kwako, unamchorea umtumie. Akisisitiza anataka hichohicho mwelekeze kwa aliyekitengeneza. Kitanzi rahisi cha waya au uzi wa shanga za rangi moja havina mwenyewe, watu wametengeneza tangu zamani, ila kazi ambayo ukiiona tu unajua ni ya nani hiyo iache. Mteja wa hivyo ukimpoteza bado utafanya kazi, na ukimkubalia jua wiki ijayo ataleta picha nyingine.

Anti, bangili zangu za fedha zimekuwa nyeusi kabla hazijauzwa, na pete za shaba zinawaacha wateja na vidole vya kijani. Nimeuziwa feki? – Mweusi Kijani

Si lazima. Fedha inakutana na salfa iliyoko hewani na kwenye vitu kama mpira na sufu, inatengeneza utando mweusi, na fedha halisi ndo inafanya hivyo. Tandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, weka bangili ziguse ile karatasi, nyunyiza bikaboneti ya soda, mimina maji ya moto, subiri kidogo, weusi unahamia kwenye alumini. Yenye lulu, feruzi au kitu cha gundi usiitie humo, ifute kwa kitambaa tu. Baada ya hapo kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki wa kubana, hewa itoe kabla hujafunga. Na zile ulizozitia weusi makusudi kwenye michoro usizitie kwenye hayo maji, weusi wote utaondoka.

Kijani cha pete ni shaba na jasho, kinaoshwa kwa sabuni. Paka ndani ya pete vanishi ya wazi au nta, na mwambie mnunuzi mapema kwamba itabidi arudie kupaka, akijua kabla ya kulipa hatakupigia simu usiku.