Usiweke "mifupa ya kale" kila unapoona "fossil"

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza neno "fossil" lina maana gani, linatamkwaje, na kama ni bora kuandika fosili au kisukuku. Halafu mwishoni ukasema kwa sasa unaweka "mifupa ya kale" makala nzima kwa kutafuta na kubadilisha, utarekebisha baadaye. Hiyo "baadaye" ndiyo iliyonimaliza mimi.

Nilipewa kazi ya kutafsiri maandishi ya mabango ya maonyesho ya sayansi. Mhariri mmoja mzoefu, niliyemwamini kuliko kamusi, akaniambia: "Fossil ni mifupa ya kale, usijisumbue." Nikabonyeza kitufe kimoja, neno likabadilika kila mahali, nikafurahi kwamba nimeokoa siku mbili. Mabango yakachapwa. Siku ya kuyatundika, bango la nyayo za Laetoli, kule Tanzania, linasomeka "mifupa ya kale ya nyayo". Unyayo una mfupa gani? Zile ni alama za viumbe waliotembea juu ya majivu mabichi ya volkano miaka takriban milioni 3.6 iliyopita, majivu yakagandamana, alama zikabaki. Timu ya Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, ilipozifichua mwaka 1978, thamani yake ilikuwa hiyo hiyo: zinaonyesha mwendo wa miguu miwili, jambo ambalo mfupa mmoja mmoja hausemi waziwazi hivyo. Mimi nikaiua hoja yote kwa neno moja.

Bango la pili: jani lililoacha chapa kwenye jiwe likawa "mfupa wa jani". La tatu lilihusu kinyesi cha wanyama kilichogeuka jiwe. Na la mwisho, lile la makaa ya mawe na gesi, likasema dunia inachoma "mafuta ya mifupa ya kale". Watoto walisimama pale wakiuliza kama petroli inakamuliwa kutoka kwenye mifupa ya dinosaria. Hilo liliniuma kuliko pesa, kwa sababu uongo huo tayari umeenea na mimi nimeupigia muhuri. Makaa ya mawe yametokana na mimea ya vinamasi vya kale. Mafuta kwa sehemu kubwa yametokana na viumbe wadogo sana wa majini waliofukiwa na tope. Mabango yote yalichapwa upya kwa gharama yangu, malipo yakaisha yote. Yule mhariri? Alisema nilipaswa kusoma muktadha. Yeye ndiye aliyeniambia nisijisumbue! Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Mtu mwenye jina katika kazi hii hana haki ya kumpa mwenzake jibu la neno moja kisha ajitoe.

Kwa hiyo shika hili: usiliguse neno "fossil" kabla hujasoma neno lililo jirani yake. Jirani ndiye anayekwambia. Likisimama peke yake katika sayansi, andika kisukuku, wingi visukuku: mabaki au alama yoyote ya kiumbe cha kale iliyohifadhika, iwe mfupa, gamba, jani, unyayo, au mdudu aliyenaswa ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti ulioganda. Likifuatwa na "fuel", andika nishati ya kisukuku. Wengi huandika mafuta ya kisukuku, lakini msomaji akiona "mafuta" anafikiria petroli, na makaa ya mawe na gesi asilia vinapotea. Likitanguliwa na "living", anazungumziwa kiumbe aliye hai leo anayefanana sana na jamaa zake wa kale, kama yule samaki silakanti aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Ukimwita huyo "mfupa wa kale unaoishi" umetunga hadithi ya mazimwi. Na mtu akiitwa "fossil" katika mazungumzo, hapo ni kejeli ya kumwambia amepitwa na wakati; kisukuku hakifai kabisa.

Kingine, kama maandishi yako ni ya karne ya 16 au ya 17, kaa macho zaidi. Neno limetoka Kilatini, lenye maana ya kilichochimbwa, na zamani lilijumlisha hata madini na vito. Kitabu cha Georgius Agricola, msomi wa Kijerumani wa madini, cha mwaka 1546 kina neno hilo kwenye jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu ni mawe na madini.

Sasa futa hayo mabadiliko, rudisha makala ya asili, pitia neno moja moja. Ile aya uliyosema ina "fossil record" usiipeleke kokote kwanza. Hapo inasemwa jumla ya visukuku vyote vinavyotueleza historia ya uhai, wala si daftari la mtu. Ibandike hapa nzima tuitazame.