Mbwa ameishia kwenye lami: maswali yenu kuhusu mbwa wa polisi na waongozaji wao

Duka letu lilivunjwa alfajiri. Polisi walifika na mbwa saa nne asubuhi. Alinusa mlangoni, akaenda mbio hadi barabara ya lami, akazunguka pale pale, basi. Majirani wanasema mbwa mwenyewe hana kitu. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

Pole kwa hasara. Huenda mbwa huyo alifanya kazi yake sawasawa. Mtu anapotembea huangusha chembe za ngozi na jasho, na viatu vyake huponda majani na kutifua udongo. Mbwa wa kufuata nyayo huufuata mchanganyiko huo. Kwenye nyasi zenye umande harufu hutulia. Kwenye lami iliyopigwa jua haikai, na upepo wa magari huipeperusha. Njia ikikatika ghafla ukingoni mwa barabara, fikirieni kwanza kwamba mwizi alipanda pikipiki au gari hapo. Basi hapo ndipo pa kuwauliza bodaboda waliokesha, walinzi, na wenye kamera.

Linaloharibu zaidi ni msongamano wa watu. Kufikia saa nne, nusu ya mtaa imeshaingia dukani kutoa pole. Safari nyingine, toeni taarifa mara tu mnapogundua, fungeni kamba mbali na mlango, na msifagie. Alama ya kiatu ifunikeni kwa beseni safi lililopinduliwa. Kitu alichoangusha mwizi kiacheni kilipo. Kama mvua inakuja, kishikeni kwa glavu safi na kukitia kwenye mfuko mpya wa karatasi, maana mfuko uliobebea samaki utamchanganya mbwa. Wote waliokwisha kuingia wabaki karibu: mwongozaji anaweza kumnusisha mbwa kila mmoja wao, ili atafute harufu ya yule asiyekuwepo.

Mkitaka kujua kama mwongozaji ni mzuri, tazameni kamba. Humvalisha mbwa mkanda wa kifuani, humwachia kamba ya kama mita 10, kisha hutembea nyuma yake bila kumvuta. Kazi yake ni kusoma: kichwa kimeinama au kimeinuka, mkia umebadilikaje, kamba imekaza au imelegea. Harufu ikipotea, humrudisha mahali pa mwisho alipokuwa na uhakika na kumzungusha hapo kwa duara linalopanuka. Anayemwelekeza mbwa kwenye nyumba anayoishuku amekwisha kuiharibu kazi.

Mbwa aliketi mbele ya begi langu kwenye ukaguzi. Walilipekua lote, hawakupata kitu. Mbwa anaweza kusema uongo? (Msomaji, Mombasa)

Kuketi ni ishara yake kwamba amenusa kitu. Hasemi uongo, lakini anaweza kukosea, na anaweza pia kuwa sahihi bila kitu kupatikana. Harufu hubaki kwenye kitambaa hata baada ya bidhaa kuondolewa. Begi la kuazima au la mtumba linaweza kuja na harufu ya mwenyewe wa zamani.

Kosa kubwa zaidi hutoka kwa binadamu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, Marekani, walichapisha jaribio la mbwa 18 na waongozaji wao. Waongozaji waliambiwa kwamba huenda kuna harufu ya dawa za kulevya au milipuko, na kwamba mahali pengine pamewekewa karatasi nyekundu kuonyesha ilipo harufu hiyo. Ukweli ni kwamba hapakufichwa harufu yoyote. Hata hivyo, sehemu kubwa ya upekuzi iliisha kwa mwongozaji kutangaza kwamba mbwa ameona kitu, hasa penye karatasi. Mbwa humsoma bwana wake: akisimama kidogo, akikaza kamba, akishika mfuko wenye mpira wa zawadi, mbwa huketi.

Dawa yake ni mazoezi ambayo mwongozaji mwenyewe hajui kitu kimefichwa wapi, na mara nyingi hakuna kilichofichwa kabisa. Pia kwenye mazoezi hayo ziwekwe, bila dawa za kulevya, glavu mpya, chakula, na ule utepe wa gundi unaotumika kufungia bangi. Bila hivyo mbwa hujifunza harufu ya gundi, na kila anayesafirisha kifurushi anageuka mtuhumiwa. Mbwa mmoja asifundishwe dawa za kulevya na milipuko pamoja, maana akiketi, askari hajui kama afungue begi au awaondoe watu.

Mahakamani, kuketi kwa mbwa peke yake hakutoshi. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya ya 1967, ushahidi wa mbwa hupokelewa kwa tahadhari kubwa, na upande wa mashtaka hutakiwa kueleza mafunzo na uzoefu wa mbwa na wa mwongozaji.

Mimi ni Muislamu. Mbwa akinigusa kwa pua napata usumbufu wa twahara, yaani usafi wa ibada. Naweza kukataa? (Msomaji, Lamu)

Ukaguzi wenyewe hukataliwi kirahisi, ila namna yake inazungumzika. Omba uweke mizigo chini na usogee kando. Mbwa mwenye mafunzo hunusa hewa ya penye zipu bila kugusa, akiwa kwenye kamba fupi. Nyumbani, omba msahafu na mikeka ya kusalia ikaguliwe kwa mikono kabla mbwa hajaingia. Mwongozaji anayefanya kazi pwani angepaswa kutoa nafasi hiyo kabla hajaombwa.

Naweza kupeleka mbwa wangu polisi niwe mwongozaji? (Kijana, Tabora)

Kwanza unakuwa askari, halafu unachaguliwa kwenda kikosi cha mbwa. Mbwa ni mali ya Jeshi la Polisi.

Mdogo wangu ni mwongozaji. Asubuhi hampi mbwa chakula. Si ukatili huo? (Msomaji, Dodoma)

Hapana, dada, anamlinda. Mbwa wa kifua kirefu kama German Shepherd akikimbia ameshiba, tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda, na bila upasuaji wa haraka hufa. Hulishwa baada ya kazi, akishapumzika kama saa moja: mbwa wa kilo 30 huhitaji takriban gramu 400 hadi 600 za chakula kikavu kwa siku, kutegemea kazi. Maji hupewa kidogo kidogo, mara kwa mara.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41 ni hatari. Ulimi ukining'inia mrefu, ufizi ukiwa mwekundu sana, akianza kuyumba, kazi isimame: kivulini, maji ya kawaida mwili mzima, upepo, kisha daktari wa mifugo. Taulo mbichi lisiachwe mgongoni, huzuia joto kutoka. Jioni mdogo wako amkague masikio na katikati ya vidole kutafuta kupe. Na kama wanafanya kazi penye ndorobo (mbung'o), mbwa akikonda au macho yakiwa na ukungu, apimwe damu siku hiyo hiyo.