Axio haibridi kwa familia: miaka 3 ya Majengo hadi Kisumu

Ndugu uliyeuliza, nimelisoma swali lako mara mbili kwa sababu miaka 3 iliyopita lilikuwa langu. Unaishi Luanda ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, kazi iko Kisumu mjini, watoto ni watatu, akiba imetimia, na umekwama kati ya Toyota Axio ya kawaida na ile ya haibridi, yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Shemeji yako naye amekutisha kwamba betri ikifa utauza shamba. Nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe, maana hilo gari la haibridi naliendesha karibu kila siku ya kazi kutoka Majengo kule Vihiga hadi Kisumu na kurudi.

Anza na barabara yako kabla ya kuangalia gari. Mimi asubuhi nikishapita Kiboswa, mbele yangu ni mteremko wa Riat hadi Mamboleo. Kwa gari langu la zamani mteremko ule ulikuwa wa kumaliza breki tu. Kwa hili, nikiondoa mguu kwenye mafuta, mota inageuka jenereta na ile nguvu ya kushuka inaingia kwenye betri. Unaona mshale wa dashibodi ukilala upande wa CHG, yaani kuchaji, na vijistari vya betri vikipanda kimoja kimoja. Nikifika Kondele, penye tuktuk, bodaboda na matatu zinazopakia katikati ya njia, injini imezima. Gari linasogea kwa umeme, linasimama, linasogea tena. Pale ndipo gari la kawaida linapochoma mafuta bila kwenda popote, na pale ndipo hili linapokurudishia pesa zako. Njia yako ya kutoka Maseno kushuka Kisian ina mteremko wa aina hiyo hiyo, kwa hiyo faida utaiona.

Ila likienda kwa umeme halina sauti, na kwa kelele za Kondele watu hawakusikii. Kuna siku nilimkaribia mama mwenye beseni la omena kichwani, nikawa hatua mbili nyuma yake, na hakuwa na habari kabisa. Nilisimama nikasubiri avuke. Nimebaki na mazoea ya kushusha kioo na kupiga honi fupi mapema.

Hesabu yangu ni hii. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 50, na kwa siku 22 za kazi inakuwa kilomita 1,100. Gari la zamani lilinipa kilomita 12 kwa lita, yaani kama lita 92 kwa mwezi. Hili linanipa 20, wakati mwingine 21, kwa hiyo natumia lita 55. Nilipima kwa kujaza tangi hadi juu kwenye kituo kimoja, sikutegemea namba za dashibodi. Tofauti ni lita 37, na ukichukua bei ya shilingi 180 kwa lita ni 6,660 kila mwezi. Kwangu hiyo ni pesa ya chakula. Siku hizi tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, wakitangaza bei mpya ya mafuta, naisikiliza nikiwa nimetulia.

Kama ungekuwa mtu wa kwenda Nairobi kila wiki kupitia Kericho na Nakuru, ushauri wangu ungebadilika. Kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 100, injini ndiyo inayosukuma karibu muda wote, na pengo kati ya magari haya mawili linapungua sana. Kupanda pia usitarajie miujiza. Jioni tukiwa watano na gunia la mahindi kwenye buti, Riat inapandwa polepole na injini inanguruma hadi juu. Mimi pale simpiti mtu.

Sasa betri, maana ndiyo inayokunyima usingizi. Mwaka wa pili taa ya onyo iliwaka nikiwa Mamboleo. Fundi wa kwanza alichomeka mashine yake, akatikisa kichwa, akaniambia betri imekufa na nitafute zaidi ya laki moja. Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu, nikamwambia mama watoto kwamba tumekosea. Bahati nzuri jirani alinipeleka kwa fundi mwingine anayeshughulika na haibridi. Huyo hakugusa injini. Alifungua mlango wa nyuma, akapiga magoti, akatoa sweta ya shule ya kijana wangu iliyokuwa imesukumwa pembeni mwa kiti. Nyuma yake kulikuwa na tundu lenye vijiti vyembamba. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu hilo. Alipoitoa ile feni, mabawa yake yalikuwa yamevaa vumbi na nyuzi za nguo, zimeshikana kama kipande cha blanketi. Aliisafisha kwa brashi, akafuta onyo, na hadi leo betri ni ile ile. Haikuwa imekufa, ilikuwa inakosa pumzi.

Tangu hapo naisafisha kila baada ya miezi 6, na watoto wanajua pale hapawekwi kitu. Pia ujue kuna betri ndogo ya volti 12. Hiyo ikichoka gari haliwaki kabisa, na mtu anaweza kukuaminisha kwamba ni ile kubwa. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua, fundi wa kubahatisha asizishike.

Umesema Jumamosi unaenda kuliona gari Kisumu. Kumbuka sheria inaruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, na mengi hufika yakiwa na 7, kwa hiyo betri nayo si changa. Nenda na fundi mwenye mashine ya kusoma volti za kila kundi la seli, na mjaribu gari likiwa limepakia watu, kwenye mlima. Ila kabla ya hayo yote fungua mlango wa nyuma, weka kiganja kwenye lile tundu, uone kinatoka na vumbi kiasi gani.